Mzigo wa Kiti cha Nyuma

2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua simu huisikii tena, masikio yako yameliwa na injini za chuo cha ufundi. Kwa hiyo naandika, tena kwa herufi kubwa, usije ukasingizia na macho.

Shida yangu ni pikipiki. Ile ile ndogo uliyonichagulia mwenyewe nilipoajiriwa kusoma mita za maji, ukasema ni ya kujifunzia na haitaniua. Kweli haijaniua. Lakini siku hizi kuna kilima ninachotakiwa kukipanda kila Alhamisi nikiwa na mzigo kiti cha nyuma, na ikifika katikati inachoka. Inakohoa, inatetemeka, inazimika. Barabara yenyewe iliporomoka kwa mvua za mwaka jana, magari hayapiti, tumebaki sisi wa magurudumu mawili.

Fundi wa hapa mtaani anasema aifungue injini aweke silinda na pistoni kubwa zaidi. Mwenzangu wa ofisini anasema niache kumpaka maiti poda, niiuze nichukue ya cc mia mbili, yenye injini kubwa. Wewe unasemaje? Niiongezee nguvu hii au nibadilishe kabisa? Nijibu upesi, Mjomba. Nakuomba sana, upesi.

Mama hajambo, anakusalimu.

Mpwa wako,
Chiriku

11 Februari

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nikaisoma, nikaweka maji ya chai, nikaisoma tena. Tangu mke wangu atutoke nyumba hii imekuwa kimya hata kwangu mimi nisiyesikia, kwa hiyo usidhani umenisumbua. Umenipa kazi, na mzee asiye na kazi huanza kupanga vijiko.

Neno "upesi" umeliandika mara mbili. Injini hailijui neno hilo. Nimefundisha vijana miaka mingi, na sikumpa hata mmoja wao jibu kabla hajapima. Ukimpa mtu jibu mkononi, kesho atarudi na swali lile lile limevaa shati jingine. Kwa hiyo tutapima.

Lakini kwanza nikuchokoze. Nakufahamu. Ulipokuwa mdogo ulitaka baiskeli yenye kengele mbili, moja ya kuonya watu na nyingine ya kuwaringishia. Isije ikawa huko juu kilimani anakaa kijana fulani, na wewe unaona aibu kufika unakohoa!

Haya, tuseme hakuna kijana. Niambie mzigo huo ni nini na una uzito gani. Usikisie, uweke kwenye mizani. Niambie unaanza kilima kwa gia ya ngapi, na inazimikia wapi. Utazame pia sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, uhesabu meno yake. Vyote hivyo ukiniletea, tutaanza kuelewana.

Msalimie dada yangu. Mwambie ajitunze.

Mjomba wako

17 Februari

Dada,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ukuta wa nyumba yetu ni kama karatasi. Nikiongea na wewe Mama anasikia mpaka ninavyomeza mate.

Wiki hii tena Mama hakupata dawa. Pikipiki ilizimika kwenye kona ya kinyozi, Mama akashuka, akasema atatembea, pamebaki padogo. Si padogo, Dada. Alikaa chini njiani kama mtu anayefunga viatu, na hakuvaa viatu vya kamba. Tulipofika hospitali mapigo ya moyo yalikuwa juu, daktari akasema kwa hali hiyo hawezi kumtundikia dripu, tumrudishe Alhamisi ijayo. Ni mara ya pili sasa. Alisema dawa ya uvimbe huu inataka mfululizo, hasa mwanzoni. Mkiirukaruka, uvimbe unajifunza kuizoea. Nikamwomba amlaze, akanionyesha wagonjwa wawili wawili kwenye kitanda kimoja.

Usiniambie nimkodishie bodaboda. Tulijaribu. Yule kijana aliendesha kama anakimbizwa na nyuki, na Mama anahitaji kufungwa kwa kitambaa mgongoni kwa dereva asije akaanguka, sasa atajifungaje kwa mwanamume asiyemjua? Kwangu anakubali. Ananifungia fundo tumboni anasema, "Nilikubeba mimi, sasa zamu yako, na usinitikise."

Mjomba angenisaidia kwa siku moja tu, anajua kila kitu kuhusu pikipiki. Lakini Mama ameniapisha. Anasema, "Kaka yangu amemuuguza mkewe mpaka mwisho. Hata shuka hazijakauka. Ukimwambia, mimi na wewe basi." Kwa hiyo nimemwandikia kuhusu mzigo. Naye anataka uzito wake. Uzito ninao, Dada, pale hospitali wanampima kila tukifika, maana dawa wanaikadiria kwa kilo.

Nitamwambia ni pampu ya chuma. Niombee asiniulize rangi yake.

Mdogo wako, Chiriku

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimepima.

Mzigo ni pampu ya chuma ya ofisi, ya kujaribia mabomba kama yanavuja. Kilo hamsini na nane. Naanza kilima kwa gia ya pili, nashusha ya kwanza mapema, na kwenye kona yenye kibanda cha kinyozi inazimika. Sproketi ya nyuma ina meno arobaini na mbili. Nimehesabu nikiwa nimeweka alama ya chaki ulivyonifundisha.

Kijana hayupo. Angekuwepo ningemwambia ashuke kuja kusukuma.

Nina swali jingine. Hizi za cc mia mbili, kiti chake kiko juu zaidi kuliko changu? Huu mzigo ni mgumu kuupandisha, na hautaki kutupwatupwa.

Nasubiri, Mjomba. Alhamisi zinakuja haraka.

Chiriku

3 Machi

Chiriku mwanangu,

Sasa unaongea kama mwanafunzi wangu. Kaa vizuri nikueleze.

Fundi wako wa silinda kubwa mwache. Si mwongo, nguvu itaongezeka. Lakini joto litaongezeka pia, na klachi, breki na fremu vitabaki vile vile vya mtoto. Utapanda kwa furaha mwezi mmoja, halafu siku ya kushuka breki zitakuuliza nani alikutuma. Hiyo ni njia ya kuharibu pikipiki nzuri bila kupata nyingine.

Ya cc mia mbili nayo nisikilize. Kiti kiko juu, ndiyo, na pikipiki yenyewe ni nzito. Kwenye barabara nzima uzito huo huusikii. Kwenye barabara iliyoporomoka, ikikuelemea upande mmoja mguu wako hautafika chini kwa wakati, na wewe miguu yako tunaijua, ulipewa mifupi ya upande wa baba yako. Utaanguka wewe, na pampu itaanguka juu yako. Pikipiki ya kujifunzia haichukiwi kwa kuwa ndogo. Huachwa siku mwenye nayo ameijua mpaka mwisho wake, na wewe mwisho wa hii hujaufikia.

Kwa hiyo tuanze na usafi. Toa chujio la hewa, lipige vumbi, ulioshe. Badilisha plagi. Legeza mnyororo kiasi cha upana wa kidole gumba, maana naamini umeukaza kama kamba ya gitaa. Jaza upepo. Kila ukifanya jambo moja, panda kilima, uandike ilipozimikia. Usifanye mambo yote siku moja, hutajua lipi limekusaidia. Na mzigo uupime tena, kwa sababu kipimo cha mara moja ni uvumi tu.

Nipe mwezi mmoja wa namba. Mimi sina haraka, na pampu haina haraka.

Mjomba wako

13 Machi

Kaka,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, kuandika sijasahau. Umekuwa wa kutambaa kwa sababu naandikia pajani, meza imejaa vyuma vya huyu binti yako. Plagi iko kwenye kikombe changu cha chai. Sijui ni ya kunywewa asubuhi au jioni.

Mimi mzima kabisa. Nanenepa tu, hata nguo zinanikataa. Wewe je? Unakula? Usinijibu kwamba unakula, niambie ulikula nini jana.

Nimechukua kalamu kwa ajili ya Chiriku. Barua zako anazisoma kama za mchumba, midomo inachezacheza. Mambo ya meno na minyororo! Kaka, nakujua tangu hujaota ndevu. Mama yetu alikuuliza jikoni kama maji yamechemka, ukamwambia aangalie mapovu kwanza kisha yeye akuambie. Akakurushia mwiko.

Mpe mtoto jibu. Ana kilima chake na kilima hakingoji. Acha kumfundisha, mwambie tu afanye nini.

Ni mimi dada yako, ambaye bado ana mwiko

25 Machi

Dada yangu mpenzi,

Nimecheka peke yangu mpaka jirani kaja kuchungulia. Jana nilikula mayai mawili na mkate. Umeridhika?

Nafurahi kusikia unanenepa. Katika umri wetu mwili ukikubali kunenepa ni dalili nzuri, mshukuru. Mwaka huu ningekuwa na habari moja zaidi ya ugonjwa sijui ningeiweka wapi, kwa hiyo barua yako nimeibandika ukutani.

Kuhusu Chiriku, niachie. Yuko karibu sana kulipata jibu mwenyewe. Nikimwambia leo nitamnyang'anya furaha ya kuligundua. Mvumilie na hivyo vyuma, wiki chache tu.

Kaka yako

5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya yote, moja moja, kama ulivyosema.

Chujio: haikubadilika. Plagi: ilivuka kwa kinyozi kidogo, ikazimika hatua chache mbele, yeye mwenyewe akatoka kutusukuma akiwa na mkasi mkononi. Mnyororo na upepo: sasa inafika kwenye ukuta wa shule, ambao uko juu zaidi. Kutoka hapo mpaka juu bado haiwezi. Wiki mbili tumefika, tumechelewa. Wiki mbili hatukufika.

Mzigo: kilo hamsini na tatu.

Mjomba, kama jibu unalo, nipe. Nitajifunza baadaye.

Chiriku

14 Aprili

Chiriku mwanangu,

Kazi nzuri! Umeona jinsi plagi ilivyokupa hatua na mnyororo ukakupa nyingine? Hakuna fundi wa mtaani ambaye angekuonyesha hilo.

Lakini kuna jambo limenizuia kulala mchana, na kulala mchana ndiyo starehe pekee niliyobakiwa nayo. Februari pampu ilikuwa kilo hamsini na nane. Sasa hamsini na tatu. Nimegeuzageuza. Umeondoa mpini? Ilikuwa na maji ndani? Hapana, maji ya ndani ya pampu hayafiki kilo tano. Chuma hakikondi, mwanangu. Kwa hiyo kosa liko kwenye mizani, na kama mizani inadanganya, kila kitu tulichojenga juu yake kinayumba.

Tuikague, ni rahisi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndiyo kipimo ambacho hakuna muuzaji anayeweza kukichakachua. Chukua dumu la lita ishirini, lipime tupu, lijaze, lipime tena. Tofauti iwe ishirini. Isipokuwa ishirini, tafuta mizani nyingine. Ikiwa ishirini, basi nitakuwa mimi nisiyeelewa, na hilo nitapenda kuliona.

Mpaka hapo usinunue wala usibadilishe chochote. Msalimie mama yako, mwambie asinenepe kupita kiasi.

Mjomba wako

24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimekagua mizani.

Dumu tupu lilikuwa kilo moja. Nikalijaza kwenye bomba la nje na kurudi nalo ndani, likawa ishirini na moja. Nesi alicheka sana, akasema tangu aanze kazi wodi ile hajaona mtu anaipima mizani yao. Kisha akanisaidia kuupandisha mzigo, akaushika mkono usiyumbe.

Arobaini na tisa.

Mizani haina kosa, Mjomba. Barua hii nimeisoma kabla ya kuifunga, na sijafuta neno lolote.

Chiriku

2 Mei

Mwanangu,

Nesi.

Niliinuka nikaitoa barua ya dada yangu pale ukutani, nikaisoma upya. Halafu nikazitoa zako zote. Kiti kisiwe juu. Hautaki kutupwatupwa. Kinyozi alitoka "kutusukuma". Kila mahali ulikuwa unaniambia, na mimi nilikuwa nauliza kuhusu mpini.

Jibu ni hili. Toa sproketi ya nyuma yenye meno arobaini na mbili, weka yenye arobaini na nane, na mnyororo mrefu kidogo. Kwenye tambarare utapoteza mwendo. Kilimani itavuta kama ng'ombe, mkiwa wawili, mpaka juu. Injini usiiguse, pikipiki usiibadilishe. Ni kazi ya mchana mmoja na spana mbili.

Ulipoandika kwamba ina meno arobaini na mbili nililijua jibu hili. Hiyo ilikuwa Februari. Nilitaka ulifikie mwenyewe.

Sproketi nimekwenda kuinunua leo, iko hapa mezani pamoja na mnyororo. Nitapanda basi la Jumatano ijayo, niko kwenu Jumatano hiyo hiyo jioni, na Alhamisi asubuhi itakuwa imefungwa kabla hamjatoka. Mama yako usimwambie kwamba nimejua. Nitasema nimekuja kutengeneza pikipiki tu. Ataona nimeleta zana, ataamini. Mimi nitajifunga uso, asisome kitu machoni pangu.

Dawa ya kila wiki inataka mfululizo, nilijifunza kwa mke wangu. Basi tutampa mfululizo kuanzia wiki hiyo. Kila Alhamisi. Mimi nitakaa hapo kwenu mpaka amalize, nilale hata jikoni. Mwambie avae nguo nzito, juu kilimani kuna upepo.

Mjomba wako

7 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Namwomba dereva wa basi la barua aibebe hii mwenyewe mpaka kwako, ili ikupate kabla hujaondoka.

Alhamisi iliyopita daktari alituita ofisini badala ya chumba cha dripu. Alisema dawa sasa inamchosha kuliko ugonjwa, na uvimbe haurudi nyuma. Alisema dozi nyingi zilirukwa mwanzoni, pale ambapo hazikutakiwa kurukwa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaangalia kompyuta yake. Akasema tusimpandishe tena.

Mama akamuuliza, "Kwa hiyo Alhamisi nipumzike?" Akasema ndiyo, mama, pumzika. Mama akasema, "Afadhali. Yule kinyozi alishaanza kuniona mteja, na nywele zenyewe zimekwisha." Daktari hakujua kama acheke. Tulishuka kilima polepole, amenifunga tumboni, nikasikia ameniegemezea shavu mgongoni. Kushuka haikusumbua.

Sasa amelala upande wa dirishani. Anakunywa kidogo, hali chochote. Mchana huu aliniuliza kama bado unaniandikia mambo ya meno. Nikamwambia unakuja. Akasema, "Umemwambia." Nikasema mizani ndiyo iliyomwambia. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema tu nikutandikie chumbani, usilale jikoni, mgongo wako anaujua.

Njoo, Mjomba. Usijifunge uso. Kama kuna basi la Jumanne, njoo na hilo.

Leo asubuhi nilipanda hospitali peke yangu kuchukua dawa za maumivu. Nilianza kwa gia ya pili kwa mazoea, ikavuma kama inaniuliza nangoja nini, nikaweka ya tatu. Kwenye kona kinyozi aliinua mkono, akatazama kiti cha nyuma, akaushusha. Nikapita ukuta wa shule. Haikukohoa. Nilifika getini bado ni gia ya tatu, nikazima mwenyewe, nikakaa hapo juu ya pikipiki mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimekwama.

Kwa hiyo sproketi iache huko, usihangaike kuibeba. Kwa mtu mmoja, hii ndogo inatosha.

Chiriku